Nenda ukakae na wenzako

Mwanangu mpendwa,

Dada yako kanipigia jana usiku. Ananiambia umekataa kuingia kwenye kikundi cha wajawazito pale zahanati yenu, hutaki watu wa Igogo wajue habari za tumbo lako. Nakuelewa, mama. Hata mimi mimba yako niliificha chini ya kitenge mpaka mwezi wa sita.

Ila kuna jambo sijawahi kukusimulia lote. Enzi hizo hapa Busisi nilikuwa nadamkia kliniki, nakaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana, nikiingia ndani ni dakika tano. Presha, tumbo, kadi imeandikwa, haya, mwingine. Zile namba kwenye kadi sikujua zinasema nini, na sikuthubutu kuuliza. Mwezi wa nane uso ukavimba, pete ikagoma kutoka kidoleni, kichwa kikaniuma siku tatu. Nikaambiwa ndivyo inavyokuwa kwa mimba ya mtoto wa kiume. Nikaamini.

Aliyeniokoa ni jirani tuliyekuwa tunaanika naye dagaa. Alishampoteza dada yake kwa kifafa cha mimba, akanitazama usoni mara moja tu, akaacha dagaa juani, akanishika mkono. Kivuko tulikisubiri saa mbili nzima, macho yangu yanaona vimulimuli. Daraja hili tunalopita leo halikuwepo. Ukazaliwa Mwanza usiku uleule, kabla ya siku zako, hukufika hata kilo mbili.

Ndiyo maana nikaenda kumuuliza muuguzi wa hapa kuhusu hivyo vikundi. Wanakusanywa wanawake wanane mpaka kumi na wawili hivi, ambao siku zao za kujifungua zinakaribiana, na mnakwenda pamoja mpaka mwisho. Mnafundishwa kujipima presha na uzito wenyewe na kuandika. Utajua kwamba 140 kwa 90 si namba ya kurudi nayo nyumbani kupika. Tumbo unapimwa pembeni na mkunga, peke yako, na majibu ya damu hayasomwi mbele ya watu. Kisha mnakaa duara, mnaongea kama saa mbili: vidonge vya damu vinavyochafua tumbo, dawa ya malaria, mume asiyetaka kuweka akiba ya nauli. Muuguzi anasema utaratibu huo ulianza Marekani miaka ya 1990, aliuanzisha mkunga, Sharon Schindler Rising. Mimi nikaona ni yule jirani yangu, sasa wamekuwa kumi.

Unaogopa watakusema. Huenda yupo atakayesema. Lakini wanaokuona kila mara ndio watakaogundua uso wako umebadilika, kwa sababu mwenyewe kwenye kioo hutaona. Mumeo yuko ziwani wiki nzima, mimi niko huku. Nani atakutazama?

Na tafadhali acha kufulia ziwani. Kichocho kinamaliza damu, na damu hiyo unaihitaji siku ya kujifungua.

Nitavuka Jumanne na sato wa kukaushwa. Jumatano nitakusindikiza mpaka mlangoni, nitakusubiri pale nje chini ya mwembe. Kadi yako iweke kwenye mkoba leo, usije ukaisahau.

Mama yako