Kuchagua tripodi ya safari katika nchi ya upepo na vumbi

Mteja anayeingia dukani kwetu hapa Dodoma kutafuta tripodi ya kusafiri nayo, au stendi ya kamera kama wengi wetu tunavyoiita, kwa kawaida huinyanyua kwanza kwa mkono mmoja ili apime uzito wake, na akiiona nyepesi huanza kuulizia bei. Hatumlaumu, kwa sababu kamera, lenzi, chaja na maji ya kunywa vinatosha kumchosha mtu kabla hajafika anakokwenda. Hata hivyo, tumejiwekea utaratibu wa kumwomba atoke nasi hadi uani kabla hajalipa. Pale uani tunaifungua stendi hadi mwisho, tunafunga juu yake kamera yenye lenzi ya milimita 200, tunailenga kwenye nondo za dirisha la nyumba ya jirani, kisha tunaikuza picha kwenye kioo cha kamera na kumwachia mteja atazame mwenyewe. Upepo wa saa nane mchana ukipita, nondo zile huanza kucheza kwenye kioo kama nyuzi za zeze, ilhali stendi yenyewe, ukiitazama kwa macho, inaonekana imetulia tuli.

Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya kiangazi upepo unaweza kuvuma siku nzima ukibeba vumbi, achilia mbali visulisuli vinavyozuka ghafla mashambani. Ushauri mwingi kuhusu stendi za safari huanzia kwenye gramu. Sisi tungependa mpiga picha anayesafiri katika kanda ya kati aanzie kwenye upepo, afuatie vumbi, na uzito auhesabu baada ya hayo mawili.

Wapo wanaouliza kama stendi bado inahitajika, maana kamera nyingi za sasa zina mfumo wa kutuliza mtikisiko ndani yake. Mchana wa jua kali, mara nyingi haihitajiki. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba kwa lenzi ya milimita 200, kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, isiwe chini ya 1/200 ya sekunde ikiwa kamera imeshikwa mkononi, na jua la Dodoma linaruhusu kasi hiyo bila shida yoyote. Tatizo ni kwamba picha ambazo wasafiri huzifuata huku kwetu hazipigwi saa hiyo. Jua likishazama, giza la nchi zilizo karibu na ikweta huingia upesi, na ile rangi inayobaki angani nyuma ya mibuyu hudumu kama dakika 20 hivi. Kadiri inavyofifia, shata inahitaji kuachwa wazi kwa nusu sekunde na zaidi ya hapo. Usiku wa kiangazi, ukitoka nje ya mji kuelekea Hombolo au Bahi, ule mkanda mweupe wa nyota unaonekana wazi, na ili uingie kwenye picha, lenzi pana ya milimita 24 inahitaji kuachwa wazi kwa sekunde 15 hadi 20. Ukizidisha hapo, nyota huanza kuacha mikia kwa sababu dunia inazunguka. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushika kamera kwa sekunde 20.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Miaka michache kabla ya kufungua duka nilikwenda Singida kupiga picha za machweo kwenye miamba ya Ziwa Singidani, nikiwa na stendi ya pingili tano niliyoipenda kwa sababu iliingia yote ndani ya begi la mgongoni. Nilipandisha nguzo ya kati hadi juu ili kamera ivuke jiwe lililokuwa mbele yangu, nikainama kuchukua kichujio cha lenzi, na upepo ulipokuja kutoka upande wa ziwa nikasikia mlio wa chuma kwenye jiwe. Kamera iliangukia kona, kifuniko cha betri kikavunjika, na lenzi ikabaki na mkwaruzo ambao mpaka leo unaonekana ukiielekeza kwenye taa. Kilichoniuma zaidi nilikigundua nyumbani, nilipozikuza kwenye kompyuta zile picha nilizopiga kabla ya ajali na kukuta zote zina mtikisiko. Stendi ilikuwa imeniangusha kwa nusu saa nzima kabla haijaanguka yenyewe.

Tangu hapo kuna mambo mawili ninayomwonyesha kila mteja. La kwanza ni pingili za miguu. Mguu wa stendi hujikunja kwa pingili moja kumezwa na nyingine, na kila inayomezwa lazima iwe nyembamba kuliko inayoimeza, kwa kawaida kwa milimita 3 hivi. Mguu wa pingili nne unaoanza na bomba la milimita 25 huishia kwenye milimita 16 au karibu na hapo. Ukiongeza pingili ya tano unafika 13, yaani hauzidi unene wa kidole cha mwisho, na hiyo ndiyo inayogusa ardhi na kubeba vyote vilivyo juu yake. Ni kweli kwamba stendi ya pingili tano hukunjika ikawa na urefu wa sentimita 35 hivi, wakati ya pingili nne hufika 40 hadi 45, lakini kwa mtu atakayepiga picha katika upepo wetu ninamsihi avumilie sentimita hizo za ziada.

La pili ni nguzo ya kati. Ukiipandisha, kamera haisimami tena juu ya miguu mitatu. Inasimama juu ya mti mmoja uliochomekwa katikati ya mitatu. Kwa hiyo kimo kilichoandikwa kwenye boksi, ambacho mara nyingi hujumlisha nguzo hiyo, kisikushawishi, bali uulize kimo cha stendi nguzo ikiwa chini kabisa. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 macho yake yako kwenye 158 hivi, na kichwa cha stendi pamoja na kamera huchukua kama 20, hivyo miguu peke yake ikifika 135 hadi 140 hatakuwa na haja ya kupandisha chochote wala kupinda mgongo.

Uzito unaoandikwa kwamba stendi inaweza kuubeba tunausoma kwa tahadhari, kwa kuwa watengenezaji hawafuati kipimo kimoja, na kubeba bila kuanguka ni jambo tofauti na kubeba bila kutikisika. Kamera na lenzi ya kawaida ya safari hukaribia kilo moja na nusu. Tunapendekeza stendi iliyoandikiwa angalau mara tatu ya hapo, na hata hiyo tunaipeleka uani.

Kuhusu malighafi, wateja hutaka sana kujua kama nyuzi za kaboni zinastahili bei yake. Ni nyepesi kuliko aluminiamu na huzima mtetemo upesi zaidi, lakini bei mara nyingi huwa maradufu. Ikiwa fedha ulizo nazo zinakupa kaboni yenye miguu myembamba au aluminiamu yenye miguu minene, chukua aluminiamu. Anayenunua kaboni iliyokwisha kutumika aigonge kila pingili taratibu kwa sarafu kuanzia juu hadi chini, kwa sababu bomba la aluminiamu likiumia hubonyea na utaona kwa macho, wakati kaboni inaweza kuwa na ufa usioonekana vizuri. Mahali ambapo sauti inabadilika ghafla na kuwa butu pana mashaka.

Vumbi ndilo linaloleta stendi nyingi kwenye meza yetu ya matengenezo. Vumbi la huku ni laini kama unga wa uwele, na linapenya kwenye vifungo vya miguu hata kama stendi ilikuwa ndani ya mfuko wake. Vifungo viko vya aina mbili: vile vya kuzungusha kwa mkono na vile vya kibano kinachofunguliwa kwa kidole. Ukifungua kifungo cha kuzungusha utakuta ndani yake vipande viwili vya plastiki vilivyopinda, vinavyolikumbatia bomba na kulibana. Chembe za mchanga zikikaa kati ya plastiki na bomba, utasikia mkwaruzo kila unapovuta mguu, na baada ya miezi kadhaa utaona mistari myembamba imechorwa kwenye bomba na kifungo kimeanza kuteleza hata kikikazwa. Kibano ni rahisi kukikagua na kikilegea hukazwa kwa skrubu, ingawa hunasa nguo na matawi ya miiba. Anayependa kutunza vifaa vyake tunampa cha kuzungusha, kwa sababu kinafunguka kabisa na kusafishika hadi ndani. Anayejua kwamba hatapata muda huo tunamshauri achukue vibano.

Usafishaji wenyewe hauhitaji fundi. Tandika gazeti, fungua mguu mmoja tu kwa wakati ili vipande visichanganyike, futa kila pingili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, piga mswaki wa zamani kwenye nyuzi za skrubu, acha kila kitu kikauke kabisa, kisha paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi hizo peke yake. Mafuta ya kupikia na oili ya injini yasitumike, maana vumbi hugandamana nayo na kuwa tope. Kuna jambo jingine ambalo limewaokolea wateja wetu vifungo vingi. Mahali pakavu unafungua kwanza pingili nene za juu, ili nyembamba zitumike pale tu zinapohitajika. Lakini ukiwa kwenye mchanga, au kwenye tope la mashamba ya mpunga kule Bahi, geuza utaratibu huo, uanze kwa kuvuta pingili ya chini kabisa hadi mwisho, ili kifungo chake kikae juu ya uchafu.

Kichwa cha stendi hakihitaji maneno mengi: kile cha tufe, kinachogeuka kila upande na kufungwa kwa kitasa kimoja, kinamfaa karibu kila msafiri, mradi tufe lisishuke lenyewe taratibu baada ya kukazwa. Hakikisha pleti inayofungwa chini ya kamera ni ya umbo linalopatikana madukani, kwa sababu pleti hupotea, na stendi isiyo na pleti yake haishiki kamera.

Njiani, stendi huumia zaidi ndani ya buti la basi kuliko kazini. Tumeshapokea stendi kutoka njia ya Singida ambayo kitasa cha kichwa kilikatika chini ya madumu ya mafuta ya alizeti. Ukiweza, kaa nayo ndani ya basi au kwenye treni, na kama ni lazima iende chini, fungua kichwa, kiviringishe kwenye nguo na ukiweke kwenye begi la mkononi. Kwa ndege, uliza kwanza shirika unalosafiri nalo kama stendi inaruhusiwa ndani, kwa kuwa taratibu hutofautiana.

Ukishafika, tanua miguu kikamilifu, uelekeze mmoja kule mbele lenzi inakoelekea, ondoa mkanda wa kamera unaopepea, na utundike begi kwenye ndoano iliyo chini ya nguzo ya kati. Begi hilo liguse ardhi kidogo, kwani likining'inia hewani litabembea na kuitikisa stendi uliyokusudia kuituliza. Shata uiachie kwa kuchelewesha sekunde 2, ili mkono wako uwe umeshaondoka. Kama lenzi ina swichi ya kutuliza mtikisiko, jaribu kuizima, maana baadhi ya lenzi zikiwa juu ya stendi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta zenyewe.

Wengi wa wateja wetu wa safari huelekea Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Pale Kolo, michoro mingi iko chini ya miamba iliyoinama ambako mwanga ni hafifu, na tochi ya kamera huifanya ile rangi nyekundu ionekane bapa, kwa hiyo shata ndefu juu ya stendi ndiyo inayofaa. Ardhi ina mteremko na mawe, hivyo chagua stendi ambayo kila mguu unatanuka kwa pembe yake bila kutegemea mingine. Ivishe miguu ya stendi soli za mpira na uache misumari yake ya chini nyumbani, usiegemeze mguu wa stendi kwenye ukuta wenye michoro hata kwa sekunde moja, na umweleze kiongozi wa wageni unachotaka kufanya kabla hujaifungua. Hapa mjini pia, mbele ya majengo ya Serikali, omba ruhusa mapema; mlinzi ambaye hakuijali kamera yako mkononi atakufuata akiona unasimamisha stendi.

Anayetaka kujaribu kabla ya kununua tunamkodishia stendi kwa safari moja, na akinunua ndani ya mwezi huohuo tunakata kiasi alicholipa kwenye bei. Stendi ulizo nazo, hata kama hukununua kwetu, tunasafisha vifungo vyake, tunakaza bawaba za miguu na kubadilisha soli zilizolika. Ukija, njoo na kamera yako ikiwa na lenzi nzito kuliko zote unazosafiri nazo, pamoja na begi lenyewe la safari ili tuone kama stendi inakaa humo bila kuchomoza, na ikiwezekana uje mchana, upepo ukiwa umeshaamka.