Barua kwa mwanangu anayetaka kwenda Pangani kwa miguu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma. Unataka kutembea peke yako mpaka Pangani, kisha safari ndefu zaidi, kama wale wavunja rekodi wa Marekani. Sikukatazi. Ila umeshikilia mbio, na mbio sizo zilizowafikisha.

Piga hesabu. Appalachian Trail, njia ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, ni karibu kilomita 3,500. Mwaka 2011 Jennifer Pharr Davis aliimaliza kwa siku 46 na saa 11, wastani wa kilomita 75 kwa siku, na sehemu kubwa alitembea tu. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hizo ni saa 15 kila siku. Yeye alipokewa njiani kwa chakula na malazi. Heather Anderson, 2015, alijibebea mzigo wake, akatumia siku 54. Rekodi hizo hazilinganishwi. Ila mimi ninayempenda ni Emma Gatewood, mama wa watoto 11: mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliimaliza peke yake kwa raba za kawaida na mfuko wa kitambaa begani.

Muda unaliwa na vituo. Dakika 10 kila saa, kwa saa 14, ni dakika 140, yaani zaidi ya kilomita 10. Kwa hiyo kula huku unatembea: tende, karanga, kashata, kidogo kidogo kila nusu saa. Ukingoja njaa ikubane umechelewa. Miguu inakuwa mizito na unakasirika bila sababu.

Sasa nyayo, maana hapo ndipo wengi wanaporudia njiani. Ngozi iliyolowa jasho inalainika, soksi inaisugua, tabaka la juu linaachana na la chini na maji yanajaa katikati. Hilo ndilo lengelenge. Kabla halijatoka, pahala hapo huanza kuchoma. Simama hapo hapo, usiseme "nikifika mbele". Vua, kung'uta mchanga, kausha, bandika plasta bila kunjo, badili soksi. Soksi za pamba ziache, zinashika maji. Kiatu kizidi namba moja kwa sababu mguu huvimba, na kucha zikatwe siku mbili kabla.

Maji: nusu lita mpaka robo tatu kwa saa kwenye jua letu hili. Lakini maji matupu kwa wingi yanapunguza nguvu ya chumvi mwilini: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, mwisho mtu anachanganyikiwa. Beba ORS, ule unga wa chumvi na sukari, pakiti moja kwa lita moja ya maji.

Usiamue kuacha ukiwa na njaa. Kula, kaa kivulini dakika 20, ndipo ujiulize. Ila mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mfupa wa muundi ukiuma pahala pamoja mpaka unachechemea, hapo hakuna kujiuliza: safari imekwisha.

Toka baada ya swala ya alfajiri, uipite Tongoni jua halijawa kali. Kigombe pumzika mpaka alasiri. Nitumie ujumbe kila kituo. Nauli ya basi la kurudi iweke mbali na simu, kwenye mfuko usiopitisha maji.

Mama yako,
Tanga