Barua ya wazi kwa wanaosomea uhasibu: kabla ya debiti, ulizeni kilichotokea

Wanangu mlioko vyuoni mkisomea shahada ya uhasibu,

Salaam nyingi. Nimekula chumvi nyingi katika kazi ya ukaguzi wa hesabu, na tangu nistaafu vijana hawaishi kunijia na maswali yaleyale. Mzee, nisomeje? Nikariri nini? Hisabati yangu ya kubahatisha, nitafika? Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa mpigo.

Hilo la hisabati nilimalize mapema. Shahada hii inataka ujue kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta asilimia. Mtakutana na takwimu kiasi, na kwenye somo la fedha kuna fomula za thamani ya fedha kwa wakati, lakini hakuna cha kumtoa jasho mtu aliyemaliza sekondari. Wengi niliowaona wakifeli hawakufelishwa na hesabu, walifelishwa na kusoma. Mtu anapewa aya ya mistari kumi, macho yanarukia namba, maneno yaliyozizunguka anayapita kama hayamhusu. Na jibu limejificha humo kwenye maneno: "kwa mkopo", "kabla ya mwisho wa mwaka", "ikiwemo kodi".

Sasa nije kwenye neno lenyewe nililokusudia. Kila ingizo kwenye leja, lile daftari kuu la akaunti, limetokana na jambo lililotokea. Mtu ameleta mzigo, ameondoka na fedha, ameahidi kulipa, ameharibu mashine. Debiti na krediti, yaani upande wa kushoto na wa kulia wa akaunti, ni namna yetu ya kuliandika jambo hilo, basi. Mwanafunzi anayeanza kwa kuuliza "hii ni debiti au krediti?" ameanzia mwisho. Aulize kwanza: nini kimetokea? Biashara imepata nini, imetoa nini, na nani sasa anamdai nani? Akishajibu hayo, debiti na krediti zinajipanga zenyewe.

Tuchukue mfano. Mtu ana biashara. Ananunua bidhaa za 7,000 kwa fedha taslimu, anaziuza zote kwa 10,000, ila kwa mkopo. Mnunuzi atalipa baada ya miezi mitatu. Mwisho wa mwezi taarifa ya mapato inaonyesha faida ya 3,000. Daftari la fedha linaonyesha 7,000 zimetoka na hakuna hata senti iliyoingia. Siku hiyohiyo mwenye nyumba anataka kodi ya pango. Mfanyabiashara wetu ana faida na hana cha kumlipa.

Aliyekariri muundo wa taarifa atazipanga namba hizi mahali pake, apige mstari chini, asione kioja chochote. Aliyefuata tukio ataona kwamba faida ipo, lakini kwa sasa iko mikononi mwa mdaiwa, na mdaiwa akiingia mitini faida nayo imekwenda naye, pamoja na 7,000 za mtaji. Hapo utaelewa kwa nini tunatenga kiasi kwa ajili ya madeni yasiyolipika, kwa nini mkaguzi humwandikia mdaiwa amthibitishie deni, na kwa nini taarifa ya mtiririko wa fedha inasimama peke yake wakati ya faida na hasara ipo. Vitabu vinayaweka mambo haya sura mbalimbali, hata semesta mbalimbali. Yote yametoka kwenye uuzaji ule mmoja.

Halafu kuna urari, ile orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili. Najua raha yake: unajumlisha upande huu, unajumlisha ule, namba zinafanana, unavuta pumzi. Wanangu, urari uliolingana unathibitisha jambo moja tu, kwamba debiti zote ni sawa na krediti zote. Ukisahau ankara nzima usiiandike popote, urari utalingana. Ukiandika deni la mteja mmoja kwenye akaunti ya mwingine, utalingana. Ukichukua gharama ya kukarabati mashine ukaiweka kwenye akaunti ya mashine yenyewe, kana kwamba umenunua nyingine, utalingana vilevile.

Hilo la mwisho lishikeni. Ni swali la mwaka wa kwanza: hii ni gharama ya mwaka huu au ni mali? Mhadhiri huliuliza kwa alama mbili au tatu, na wengi huliona la watoto. Juni 2002 kampuni ya simu ya WorldCom, Marekani, ilitangaza kwamba takribani dola bilioni 3.8 za gharama zake za kawaida zilikuwa zimeandikwa kama mali. Sehemu kubwa ilikuwa ada ilizolipa kampuni nyingine za simu ili kupitisha mawasiliano kwenye nyaya zao. Ada ya namna hiyo ukiilipa imetumika, imekwisha, kama umeme wa jana. Ukiiandika kama mali, mwaka huu haikuumi. Unaigawa kidogo kidogo kwa miaka ijayo kwa jina la uchakavu, na faida ya mwaka huu inanona. Debiti zao na krediti zao zililingana muda wote. Julai mwaka huohuo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na kwa wakati ule, huo ndio ulikuwa ufilisi mkubwa kuliko wote katika historia ya Marekani.

Waliolifichua ni timu ya wakaguzi wa ndani iliyoongozwa na Cynthia Cooper. Waliyafuata maingizo makubwa wakitafuta hati za kuyaunga mkono, na hati hazikuwepo. Hawakuhitaji fomula yoyote usiyoijua wewe wa mwaka wa pili. Mkurugenzi mkuu, Bernard Ebbers, alihukumiwa miaka 25. Lakini mimi nataka mwaangalie wale wahasibu wa ngazi ya kati walioyaandika maingizo kwa kuagizwa na wakubwa. Nao walishtakiwa, na mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miezi 5. Amri ya bosi haijawahi kuwa hati ya malipo. Ndiyo maana nakasirika nikisikia somo la maadili ya taaluma linaitwa la kujazia ratiba.

Turudi kwenye kusoma. Mnauliza mkariri nini. Kariri ule mlingano wa mali kuwa sawa na madeni jumlisha mtaji, na ujue kwa moyo ni kitu gani huongeza kila upande. Yaliyobaki yaeleweni, kwa sababu kanuni hazikai mahali pamoja. Aliyemeza utaratibu wa mikataba ya kukodi mali, akaja kufanya kazi 2019, alikuta IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu ukodishaji, imeanza kutumika na sehemu kubwa ya ukodishaji ambao zamani mpangaji aliuandika kama gharama tu sasa unaingia kwenye mizania, ile taarifa ya mali, madeni na mtaji: haki ya kutumia mali upande mmoja na deni upande wa pili. Kuanzia 2027 IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1, kanuni ya namna ya kuwasilisha taarifa za fedha, na taarifa ya mapato itabadilika sura. Wakati huohuo, uandishi wa pande mbili ambao mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli aliueleza kwenye kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, akiuchukua kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiutumia tayari, ndio huohuo mnaoufanya leo. Wekeni nguvu kwenye kisichobadilika, hivi vinavyobadilika mtavisoma kazini maisha yenu yote.

Namna ya kufanya mazoezi. Kusoma suluhisho ukatikisa kichwa hakukufundishi chochote. Karibu kila suluhisho linaeleweka likiwa mbele yako. Funika jibu, chukua kalamu, fanya swali hadi mwisho hata kama unajua umepotea, kisha ndipo ufunue. Yale madesa, notisi na majibu mnayorithi kutoka kwa waliotangulia yana kazi yake usiku wa kuamkia mtihani, lakini hayajawahi kumfundisha mtu kuandaa hesabu za mwisho. Fanyeni mitihani ya miaka iliyopita kwa saa. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, ondoka. Mizania ikikataa kulingana mtihanini iache hivyohivyo uende swali linalofuata, maana alama zimetawanyika kwenye kila hatua, na ile ya kulingana, kama ipo, ni moja. Onyesha ulivyopata kila namba. Msahihishaji hawezi kukupa alama kwa kilichobaki kichwani mwako.

Ukiwa nyumbani, mizania isipolingana usikimbilie kuanza upya. Tazama tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu, umeandika 450 badala ya 540; tofauti ni 90. Igawe kwa 2, kisha utafute kiasi hicho kwenye maingizo yako: pengine umekiweka upande usio wake, ndiyo maana kimehesabika mara mbili. Mbinu hizi ni za kale, zina umri mkubwa kuliko mimi, na bado zinaokoa usiku mzima.

Mwaka wa kwanza na wa pili hubebeka. Ukuta wenyewe uko kwenye hesabu za makampuni yenye kampuni tanzu, yaani kampuni zinazotawaliwa na nyingine, na kwenye kodi iliyoahirishwa, ile inayohusu faida ya leo lakini italipwa baadaye. Huko kukariri hatua kunaishiwa nguvu kabisa. Kwenye kampuni tanzu, kumbuka swali letu: kilichotokea ni nini, ukiyatazama makampuni haya yote kama mtu mmoja? Kampuni mama ikiiuzia tanzu bidhaa, na bidhaa bado ziko ghalani kwa tanzu, huyu mtu mmoja amejiuzia mwenyewe. Hakuna mauzo hapo wala faida, kwa hiyo tunaifuta. Anayeliona hilo hahitaji kukumbuka kanuni ya faida ambayo haijapatikana. Ataiunda mwenyewe akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Msidharau masomo ya maelezo: sheria, ukaguzi, mawasiliano. Mkaguzi hulipwa kwa kuandika sentensi ambayo mkurugenzi asiyependa kuisikia ataielewa bila kupata pa kuponyokea. Lahajedwali nayo ijueni kwelikweli, zaidi ya kujumlisha safu. Na wanaoniuliza kama kompyuta itawanyang'anya kazi, programu zimekuwa zikihamisha maingizo kwenda leja kwa miongo mingi sasa, na hazijawahi kushtuka kwa ankara ya mzigo ambao haukufika. Kama kazi yako itakuwa kuingiza namba tu, ndiyo, una sababu ya kuogopa.

Wale mliochaguliwa kozi hii na wazazi kwa sababu "ina ajira", nawaelewa. Jipeni hadi mwisho wa mwaka wa pili, mkishaonja ukaguzi, kodi na uhasibu wa gharama, kwa kuwa mwaka wa kwanza unaonyesha sehemu ndogo na kavu kuliko zote. Kama hata hapo moyo umekataa, zungumzeni na mshauri wenu wa masomo bila kuona haya. Shahada hii ni mlango wa benki, sheria ya kodi, uchambuzi wa data na mengine ambayo hayakulazimishi kuandaa mizania tena.

La mwisho ni dogo, lakini linasahaulika kila mwaka. Shahada peke yake haikufanyi mhasibu aliyesajiliwa. Mbele kuna mitihani ya bodi za taaluma. Bodi nyingi husamehe baadhi ya mitihani kwa masomo uliyokwisha kuyafaulu chuoni, na baadhi huomba uthibitisho wa kile ulichofundishwa, siyo matokeo tu. Kwa hiyo tunzeni muhtasari wa kila kozi tangu semesta ya kwanza, nakala ya karatasi na nyingine kwenye barua pepe yenu. Na mtihani wa kwanza wa bodi fanyeni mapema baada ya kuhitimu, kabla kazi haijawazoesha kurudi nyumbani mmechoka.

Wenu,
Mzee mkaguzi wa hesabu, mstaafu