Risala ya UKWATA (Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania) Tawi la Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mlezi wa UKWATA,
Walimu, wachungaji, wazazi na walezi mliohudhuria,
Wahitimu na wanafunzi wenzetu,

Bwana Yesu asifiwe!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru pia wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo, na kwa kuivumilia barabara ya kutoka Njombe mjini ambayo, kama ulivyojionea asubuhi, haina heshima kwa mgeni wala mwenyeji. Tumeelezwa kwamba nawe ulikuwa mwana UKWATA ulipokuwa sekondari. Kwa hiyo tunakukaribisha kama mtu anayerudi nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tawi letu la Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania linatukutanisha Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wengineo. Tuna kwaya, tuna ibada ya Jumapili, tuna maombi ya asubuhi, na tunawatembelea wagonjwa katika zahanati ya jirani. Hayo hufanyika katika kila tawi na hatutakuchosha nayo. Katika risala hii tumeazimia kukueleza habari ya jambo moja tu, nalo ni somo la Biblia la Jumatano jioni, kwa sababu tunaamini kwamba hapo ndipo wengi wetu tulipolipata tumaini tunaloondoka nalo katika shule hii.

Utaratibu wa somo hilo ni mwepesi kuueleza ingawa ni mgumu kuufuata. Tunachagua kitabu kimoja na kukisoma sura kwa sura mpaka kiishe. Mmoja wetu husoma kwa sauti, kisha kila mtu huirudia sura ileile kimya kimya, na baada ya hapo maswali manne huandikwa ubaoni kwa chaki: nani anasema, anamwambia nani, wasikilizaji wako katika hali gani, na kabla ya hapo kilikuwa kimesemwa nini. Mlezi wetu ameweka sharti kwamba hakuna ruhusa ya kusema "mimi nimefunuliwa" kabla maswali hayo hayajajibiwa. Sharti hilo liliwaudhi baadhi ya wenzetu, hasa wale wenye kipaji cha kuhubiri, mpaka tulipofika Matendo ya Mitume 17 na kukuta watu wa Beroya wakisifiwa kuwa waungwana kwa sababu, hata baada ya kumsikia Paulo mwenyewe, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Tukaona kwamba kama Paulo alichunguzwa, sisi wa kidato cha tatu hatuna sababu ya kununa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kitabu kilichotushughulisha kuliko vyote ni cha nabii Jeremia, chenye sura 52, tulichokianza mwaka jana na kukimaliza mwaka huu. Sote tulikuwa tukiujua mstari mmoja wa kitabu hicho, ule wa sura ya 29 aya ya 11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Tuliujua kwa sababu huandikwa katika kadi za kuwatakia wahitimu heri ya mtihani, hubandikwa kwenye vioo vya daladala, na huombwa katika kila mkesha. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba mstari huo umo ndani ya barua, na kwamba barua hiyo ilipelekwa na watu wenye majina, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, kwa Wayahudi waliokwisha kuchukuliwa mateka mpaka Babeli pamoja na mfalme wao Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Mafundi na wafua chuma walikuwa wamehamishwa, jamaa zao wamebaki nyuma, na Yerusalemu ilikuwa bado haijamaliza kuteseka.

Jumatano hiyo mwenzetu mmoja alisimama kwenye ubao akaandika 20, akajumlisha 70, akapata 90. Alikuwa amesoma aya ya 10, inayotangulia ule mstari wa kwenye kadi, ambamo Bwana anasema kwamba atawarudisha kwao, Babeli itakapotimiziwa miaka sabini. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 20 aliyeisikia barua ile ikisomwa angekuwa na miaka 90 siku ya kurudi, na wazazi wake wasingeiona kabisa siku hiyo. Darasa lilinyamaza, kisha mdogo wetu wa kidato cha pili akauliza: "Sasa hilo tumaini lilikuwa la nani?"

Swali hilo lilitukalisha Jumatano tatu. Jibu tulilipata kwa kurudi nyuma katika barua yenyewe, kwenye aya za 5 hadi 7, ambako mateka wanaambiwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wautakie amani mji ule waliopelekwa utumwani na kuuombea kwa Bwana. Tulielewa kwamba Mungu hakuwapa tarehe ya karibu ili wapate nguvu ya kuvumilia. Aliwapa neno lake kwamba hajawasahau, akawapa na kazi ya kufanya palepale walipo, na akataka hayo mawili yawatoshe. Baadhi ya wanachama walisema waziwazi kwamba tumaini la namna hiyo ni gumu kuliko lile la kwenye kadi. Tunakubaliana nao, hata hivyo ndilo lililotubeba, kwa sababu halikudai tujifanye kwamba mambo ni mazuri.

Hapo ndipo ilipozaliwa bustani ya UKWATA iliyo nyuma ya bweni la wavulana, ambayo mtatembezwa baada ya chakula. Mchicha na vitunguu vimetuletea fedha za kununua Biblia saba. Kabichi hazikufika mbali, na mbuzi wa majirani zetu wanaijua sababu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sura ya 28 ilitusaidia kuelewa jambo jingine linalowahusu sana wahitimu wa leo. Humo yumo nabii Hanania, aliyesimama nyumbani mwa Bwana mbele ya makuhani na watu wote akasema kwamba nira ya Babeli imekwisha kuvunjwa na kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Kisha akaiondoa nira ambayo Jeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja. Kilichotushangaza ni kwamba Jeremia alijibu "Amina", kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo. Lakini kutamani kwake hakukulifanya neno la Hanania kuwa neno la Bwana, na Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Tunalisema hili kwa heshima, lakini tunalisema. Kila mtihani wa taifa unapokaribia, hupita watu wakiwauzia wazazi wetu mafuta na maji ya upako, na wengine huombea kalamu kwa ahadi ya daraja la kwanza. Kuuombea mtihani si kosa. Sisi wenyewe tumeomba, na tutaomba mpaka karatasi ya mwisho. Ila tumejifunza kumwuliza kila mwenye ahadi swali ambalo Jeremia alimwachia Hanania: je, Bwana amekutuma kweli? Ujasiri uliojengwa juu ya kalamu huisha siku matokeo yanapobandikwa, na tumewaona kaka na dada zetu waliomaliza kabla yetu wakiacha kanisa, si kwa sababu Mungu aliwadanganya, bali kwa sababu yeye alisingiziwa ahadi ambayo hakuitoa.

Kuhusu waliofiwa, tunaomba tusimulie habari ya mwenzetu mmoja, kwa ruhusa yake mwenyewe. Alimpoteza mama yake katikati ya muhula wa kwanza. Aliporudi kutoka mazishini hakutaka kuja kwenye kwaya, akasema kwamba nyimbo zote zinamtaka afurahi. Mlezi alimshauri aje Jumatano tu, naye alipokuja tulisoma Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno lolote la faraja. Alituomba tuisome tena. Baadaye alisema kwamba tangu msiba ule hakuwa amesikia mtu akimwambia Mungu yale yaliyokuwa moyoni mwake, na kwamba kama maneno hayo yameruhusiwa kukaa ndani ya Biblia, basi naye anaruhusiwa kukaa kanisani. Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye Maombolezo sura ya 3, ambako mwandishi hulalamika kwa aya ishirini nzima kabla ya kusema, "Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini." Mji ulikuwa magofu alipoanza kuandika, na ulikuwa magofu bado alipoandika aya ya 21. Alichokibadilisha ni kile alichokuwa anakikumbuka. Mwenzetu huyo sasa ndiye katibu wa somo la Biblia, na ndiye aliyeandika kwa mkono nakala ya risala hii.

Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba yote yaliyotangulia kuandikwa yaliandikwa ili kutufundisha, "ili kwa saburi na faraja ya maandiko tupate kuwa na tumaini." Tumeizingatia saburi katika aya hiyo kuliko tulivyofanya zamani. Kusoma kitabu kizima kwa baridi ya Juni ya hapa Njombe, huku umeme ukikatika na kengele ya chakula ikikaribia, ni saburi ya aina yake. Hatudai kwamba somo hili limepandisha ufaulu wetu. Mwalimu wa Taaluma yupo hapa na takwimu anazo yeye. Tunachoweza kukishuhudia ni kwamba matokeo ya mtihani wa moko, yaani wa majaribio, yalipotoka, wale waliofanya vibaya hawakujificha mabwenini. Walikuja darasani, wakaomba wafundishwe upya, na wawili kati yao wanahitimu leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunazo changamoto. Kubwa kuliko zote ni uhaba wa Biblia. Simu haziruhusiwi shuleni, jambo tunaloliunga mkono, kwa hiyo Biblia za kwenye simu hatuzioni muhula mzima. Wanachama wengi wana Agano Jipya dogo la mfukoni lenye Zaburi na Mithali, ambalo ni zuri, lakini Jeremia hamo. Hivyo watu watano au sita hukusanyika kuizunguka Biblia moja ya tafsiri ya Union, na mojawapo ya hizo imepoteza jalada na kurasa za mwanzo kiasi kwamba inaanzia Mwanzo sura ya 4. Habari za uumbaji tunasimuliana kwa mdomo. Changamoto nyingine ni kukosa mtu wa kutujibu tunapokwama. Mlezi wetu ni mwalimu wa Jiografia. Ametuchorea ramani ya Babeli vizuri kuliko tulivyotarajia, lakini naye amekiri mara kadhaa kwamba swali limemzidi.

Kwa unyenyekevu tunaomba utusaidie kupata Biblia 30 zenye Maagano yote mawili, na ikiwezekana 10 kati ya hizo ziwe za tafsiri ya Habari Njema, ili tupate kulinganisha pale Kiswahili cha Union cha mwaka 1952 kinapotushinda. Tunaomba pia kamusi moja ya Biblia, itifaki moja (kitabu cha kutafutia mahali neno lilipo katika Biblia), na kabati lenye kufuli. Zaidi ya hayo, tunakuomba wewe na wachungaji mliopo mtupangie mtu aliyesomea Agano la Kale, atutembelee hata mara moja kwa muhula, naye aje akijua kwamba ataulizwa maswali.

Ombi letu la mwisho linawahusu wahitimu, na tunalielekeza kwa wazazi na wachungaji. Mtihani utakwisha Novemba, na matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Katika kipindi hicho kila mhitimu atakuwa nyumbani, hana kengele, hana Jumatano, na kila mgeni anayeingia atamwuliza anatarajia kupata daraja gani. Tunaomba usharika ulio karibu naye umpe mahali pa kukaa na wenzake na Biblia iliyofunguliwa, na umpe na kazi: afundishe watoto wa shule ya Jumapili, apande miti ya kanisa, au awasomee wazee wasioona vizuri. Tunaomba pia jambo hilo lisingoje matokeo, wala lisikome yakitoka mabaya.

Tunamshukuru Mkuu wa Shule kwa kutuachia chumba cha darasa kila Jumatano, Mlezi wetu kwa uvumilivu wake, walimu wote bila kujali dini zao kwa kutulea kwa haki, na wazazi kwa ada na sala. Wahitimu wanakukabidhi, Mgeni Rasmi, kapu la vitunguu kutoka bustani yetu, pamoja na daftari lenye maswali yote ya Jeremia ambayo hatukuyapatia majibu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa UKWATA, Tawi la Shule