Barua kwa Mwanangu: Reli ya Nachingwea Iliyong'olewa

Nachingwea

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia salama, na mama yako amenisomesha mara mbili ile sehemu unayosema kwamba kazi yenu ya upimaji sasa inahusu njia ya reli itakayotoka Mtwara kwenda Mbamba Bay. Umeniuliza kama ni kweli kwamba huku kwetu reli iliwahi kuwapo, maana wenzako ofisini wameona ni hadithi za wazee. Ni kweli, mama. Treni ilifika Nachingwea, ikafika na Masasi, na marehemu babu yako alikuwa miongoni mwa vijana waliobeba mataruma mabegani kuitandika. Nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi na sijapata kuliandika.

Chanzo chake ni njaa ya mafuta ya kula huko Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, aliipelekea serikali ya nchi yake wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aje kuangalia ardhi, naye akazunguka kwa muda wa wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, kisha akarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 ndani ya miaka 6. Sehemu ndogo ingekuwa Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Iliyobaki yote ilikuwa Tanganyika, na fungu kubwa kuliko yote lilipangiwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu, kwa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao hakuna aliyewauliza chochote.

Hapa ndipo reli inapoingia, na ninakuomba upasome polepole kwa sababu ndipo penye kazi yako. Kusini ilionekana kuwa na mvua nzuri kuliko maeneo mengine yaliyochaguliwa, lakini haikuwa na bandari ya kina wala njia ya kupitishia matrekta na mafuta. Kongwa, kule Dodoma, nako palipochaguliwa, ilikuwa kavu, na udongo wake ulikuwa wa mfinyanzi unaogeuka mgumu kama tofali mvua zikikatika, ila ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Kwa hiyo kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947, likajengwa tawi la reli kutoka Msagali, na fedha nyingi zikaanza kuzama pale kwenye ardhi isiyofaa, huku ardhi iliyo bora ikingoja reli. Watu husimulia kushindwa kwa Mpango wa Karanga kwa kutaja mibuyu iliyovunja majembe ya matrekta na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kufyekea pori. Hayo yalitokea kweli. Mimi naona kosa lililotangulia yote ni hilo la kuiacha njia ya usafiri iliyopo iwachagulie shamba.

Huku Kusini meli hazikuweza kukaribia nchi kavu, hivyo mizigo ilishushwa kwenye matishari na kuingizwa ndani ya hori ya Lindi hadi Mkwaya. Mkwaya ndiyo mahali ninapotaka ulipokee jina lake na kulitunza. Palipokuwa na mikoko na vijumba vichache pakawa gati, maghala, karakana, nyumba za wazungu, kambi za makuli na mwanzo wa reli. Kutoka hapo njia ilikwenda Ruo, kisha ikapanda bara hadi Nachingwea, zaidi ya kilomita 100 kutoka pwani, na treni zikaanza kupita mwaka 1949. Babu yako alisema kwamba usiku taa za Mkwaya zilionekana kutoka mbali sana, na kwamba vijana walitoka hata ng'ambo ya Ruvuma kutafuta kazi, wakalala kwenye mahema ya turubai, wakalipwa kwa wiki, wakanunua baiskeli. Hakuwa mtu wa kusifu kazi ya mkoloni, lakini baiskeli yake ya kwanza ilitokana na reli hiyo, na alipoizungumzia alikaa wima.

Nachingwea yenyewe, hii unayoijua kwa ukimya wake, ilichorwa kuwa mji mkubwa. Barabara zake zilinyooshwa, uwanja wa ndege ukajengwa, mashamba yakapewa namba badala ya majina. Ndiyo maana hadi leo tunasema Farm 8 na Farm 17 kana kwamba ni majina ya ukoo.

Kisha, mwezi Januari mwaka 1951, serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Hebu tazama tarehe hizo mbili, mwanangu: treni mwaka 1949, mwisho wa karanga mwaka 1951. Reli ilikuwa bado mpya, chuma chake hakijapata kutu, na mzigo iliyojengewa haukuwapo tena.

Hawakuifunga mara moja. Bandari ya kina ya Mtwara ilikuwa imekwisha kuanzwa, ikafunguliwa mwaka 1954, na reli ikapelekwa huko kutoka Ruo. Baadaye tawi likasogezwa hadi Masasi. Kwa Mkwaya huo ulikuwa mwisho wake, kwa sababu meli zikifunga Mtwara moja kwa moja, nani atahangaika tena na matishari? Waliokuwa na ajira wakahamishwa, wasio na ajira wakarudi makwao, mabati yakaezuliwa na kusafirishwa, na mikoko ikarudi kwenye hori. Mji ulioinuliwa kwa haraka ukaondoka kabla hata watoto waliozaliwa humo hawajaanza shule.

Ruo iliishi zaidi kidogo kwa kuwa palikuwa njia panda. Mama zetu walipeleka mihogo, ndizi na samaki wakavu pale treni iliposimama, na babu yako alikaa huko katika kambi ya gengi la kutunza njia. Aliniambia kwamba siku za treni soko lilijaa asubuhi na kwisha saa ileile treni iondokapo. Siku nyingine hapakuwa na la maana. Makazi ya namna hiyo hayana mizizi ya kwake, maana yalikuwa yakinywa kwenye kisima kimoja tu.

Sasa, ni mzigo gani ulibaki? Mbao kiasi, mkonge kutoka mashamba ya pwani, mazao ya chakula, na korosho, ambazo zilikuwa zikiongezeka lakini ni za msimu, zikianza kuvunwa karibu Oktoba na kumalizika mwanzoni mwa mwaka. Reli hula mafuta, mishahara na matengenezo mwezi baada ya mwezi, iwe kuna korosho au hakuna. Njia hii haikuunganishwa na Reli ya Kati wala na reli nyingine yoyote, kwa hiyo behewa lililotoka Mtwara halikuweza kwenda popote ila Masasi na Nachingwea. Ilijiendesha kwa hasara iliyopaswa kufidiwa, na malori yalipozidi kuwa mengi hasara nayo ikazidi. Nchi ilipata uhuru Desemba 1961, na haikupita miaka mingi reli ya Kusini ikafungwa na kung'olewa, mataruma na vyuma vyote. Mwaka 1963, katika kipindi hichohicho, kaskazini ilifunguliwa njia mpya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, ikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Silaumu uamuzi wa kuunganisha kaskazini, ulikuwa na hoja yake. Lakini nimeishi huku, na ninajua miongo iliyofuata ilikuwaje, wakati mvua za masika zilipoitenga Kusini na nchi yote kwa miezi, hadi lilipofunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji mwaka 2003. Wagonjwa, walimu na wafanyabiashara walikwama ng'ambo hii ya mto katika nchi ambayo tayari ilikuwa na tuta la reli lililoota nyasi.

Ndipo vijiji vya Ruo na mfano wake vilipofifia. Ulipokuja uhamiaji vijijini wa miaka ya 1970, watu walipangwa kando ya barabara za magari, na waliokuwa wamebaki kando ya reli wakafuata. Nachingwea haikufa kwa sababu ilipata kazi nyingine: kuanzia mwaka 1965 wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walipewa nafasi hapa kwa mafunzo, na Samora Machel alikaa na kuongoza kambi hapa kabla hajawa rais wa Msumbiji mwaka 1975. Majengo yaliyokusudiwa karanga yakasaidia kukomboa nchi jirani. Hilo huwa linanipa faraja ya kweli.

Katika shule za zamani huku kwetu utakuta kipande cha chuma cha reli kimening'inizwa mtini, kinagongwa badala ya kengele. Nilikigonga kwa miaka mingi ya ualimu wangu, na watoto walinijibu kwa mbio bila kujua ni chuma gani.

Nimeandika haya yote kwa sababu moja. Unasema mchoro wenu unafikiria zaidi chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, kule Ludewa. Ni vizuri, madini ni mzigo mzito na wa mwaka mzima, tofauti na korosho. Hata hivyo, ukiwa mezani pamoja na wakubwa zako, uliza korosho na ufuta wa Masasi na Nachingwea vitapandia wapi, stesheni zitakuwa umbali gani kutoka kwenye maghala ya vyama vya ushirika, na abiria atalipa nauli gani kutoka Songea hadi hospitali ya Ndanda. Uliza pia njia hiyo itaungana na ipi nyingine. Reli ya babu yako ilijengwa kwa zao moja na kwa hesabu za watu waliokuwa mbali, na sitaki jina lako liwe kwenye mchoro wa namna hiyo.

Nina ombi pia. Ukipata nafasi, pita Nyaraka za Taifa hapo Dar es Salaam, uulize kama wana ramani ya reli ya Jimbo la Kusini ya miaka ya 1950, inayoonyesha Mkwaya na Ruo. Kama wanaruhusu nakala, nitakutumia gharama. Wajomba zako wawili bado wana nguvu za kutembea, nao wamekubali kunisindikiza kulifuata tuta kiangazi hiki, kabla mashamba mapya hayajalilima lote, tuandike ni wapi kalavati bado zipo. Huenda vipimo hivyo vikawafaa ninyi pia.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama ule unga wa muhogo ulifika.

Ni mimi baba yako anayekupenda.