Ndege kongwe zije Voi, na mafundi wake waje nazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Niliingia uwanja wa Wilson, Nairobi, mwaka 1976 kama kijana wa kufagia hanga, yaani banda la ndege, na kuosha vipuri kwa petroli. Nilipostaafu nilikuwa na leseni yangu na vijana wangu wa kuwafundisha. Sasa niko nyumbani Voi, na nawaandikia wenye ndege ndogo za zamani pamoja na watu waliowahi kuzitengeneza, maana wote ni wasomaji wako.

Februari iliyopita tulikutana watu wachache kwenye kiwanja cha majani kilicho shambani kwa rafiki yetu mmoja, nje kidogo ya mji. Hatukuwa na jukwaa wala kadi za mwaliko. Tulikuwa tumepigiana simu tu. Zikaja ndege tatu: Piper Cub ya manjano, Cessna 170 ya miaka ya hamsini, na nyingine ndogo ya viti viwili ambayo mwenyewe ameijenga upya kwa miaka tisa. Tiger Moth tuliyoahidiwa haikufika. Magneto yake, kile kifaa kinachoipa injini cheche, ilianza kukohoa asubuhi ileile, na rubani akafanya uamuzi wa mtu mzima, akairudisha hanga. Tulikula kimanga na mbuzi, tukafungua vifuniko vya injini, tukazungumza hadi jua likazama. Mwakani Februari tunataka turudie, na safari hii tunatangaza mapema.

Kwa nini Voi? Wanaorusha ndege hizi wanajua jibu. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 25 hewa ya pale inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inahisi iko futi 8,000. Injini ya Cub ina nguvu za farasi 65 tu, na katika hewa hiyo inapoteza kama robo ya nguvu zake. Nimewaona marubani wazuri wakitumia njia nzima ya kurukia huku wameshika roho mkononi. Huku kwetu ni chini ya futi 2,000, na hata siku ya jua kali Cub iliyobeba watu wawili hunyanyuka bila kubembelezwa.

Lakini kufika Voi kunataka hesabu. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 300 kwa njia ya ndege. Cub inakwenda kilomita 120 kwa saa, na tangi lake halizidi lita 45. Akiba ya mafuta hapo haipo. Basi yeyote anayetoka Nairobi kwa ndege ya aina hiyo apange kutua njiani, Makindu kwa mfano, na dumu lake liwe limetangulia kwa gari. Asiseme ataangalia hali akiwa angani. Huku kwetu avgasi, yaani petroli ya ndege, haiuzwi, kwa hiyo tutaagiza mapipa ya lita 200 yaje kwa lori siku mbili kabla, yasimame kivulini yatulie, ndipo tupige pampu ya mkono kupitia ngozi ya kuchujia. Avgasi tunayotumia ina rangi ya samawati. Ikiwa imepauka, usiitie. Na kila rubani achuruze kidogo kwenye glasi na kuiangalia kwenye mwanga kabla ya kuruka. Maji hukaa chini, yakitetemeka kama tone la zebaki. Nilifundishwa hilo na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akisikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni. Hakuwahi kuruhusu ndege itoke hangani kabla hajaiona glasi kwa macho yake.

Mwezi nao tumeuchagua kwa sababu. Februari vuli imekwisha na masika bado. Kiwanja kimekauka, nyasi ziko chini, na upepo huku kwetu unatoka mashariki. Njia yetu imelala mashariki na magharibi, ina urefu wa mita 800, kwa hiyo Februari unatua ukielekea mashariki, upepo ukikujia usoni, na ndege yenye gurudumu la mkia haipendi upepo wa ubavuni hata kidogo. Ubaya wake ni jua. Asubuhi mno rubani anatua akiwa nalo machoni na hamwoni hata ng'ombe. Ndiyo maana tumesema hakuna kutua kabla ya saa mbili na nusu, na ikifika saa nne na nusu tunataka kila ndege iwe imefungwa kamba, kwani baada ya hapo ardhi inaanza kufuka joto na hewa inarusharusha. Kurudi ni kesho yake alfajiri. Kila mtu apite juu ya kiwanja mara moja kabla hajatua. Tsavo ni jirani, na pundamilia hawajui kwamba kile ni kiwanja cha ndege.

Mhariri, sasa nifike kwenye linaloniuma.

Baada ya habari za Februari kuenea, ilikuja kampuni moja ikitaka kutudhamini. Walikuja kwa heshima, siwezi kusema vinginevyo. Walitaka hema la wageni mashuhuri, mashindano yenye vikombe, tiketi mlangoni, na siku ihamishwe hadi Pasaka kwa kuwa ndipo watu wako likizoni. Pasaka ni masika! Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Ndege inayotua na kukwama namna hiyo inapinduka kifudifudi. Tuliwaeleza. Wakauliza kama hatuwezi kumwaga kokoto. Tukawashukuru kwa kuja, mazungumzo yakaishia hapo. Nimesikia baadhi ya wenzetu wakilalamika kuwa tumekataa pesa. Tumekataa, na mimi ni mmoja wa waliokataa. Vikombe vikiingia, marubani wataanza kushindana nani atatua kwa ufupi zaidi, nani atapita chini zaidi mbele ya watu. Ndege yenye miaka sabini haistahili kufanyiwa hivyo, na watoto walioketi pembeni hawastahili kuyaona yatakayofuata.

Nasema hivyo kwa jambo nililoliona. Miaka ya tisini nilikwenda na ndege ya tajiri wangu kwenye sherehe ya shambani, Bonde la Ufa. Palikuwa na watu wengi na haraka nyingi. Mgeni mmoja akataka kuwaonyesha watu jinsi Cub inavyowashwa kwa mkono, maana Cub ile haina stata. Unaishika propela kwa kiganja na kuizungusha. Ndani hapakuwa na mtu. Kabari hazikuwekwa kwenye magurudumu. Mafuta yalikuwa yamefunguliwa kupita kiasi. Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza, ndege ikaanza kuondoka peke yake. Mimi niliyekuwa karibu nilidaka mhimili wa bawa nikajitupa na uzito wangu wote, ndege ikawa inazunguka nami katikati kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti, hadi mwenzangu alipoingiza mkono dirishani akazima swichi. Propela ilikuwa imeshapasua kiti cha mbao. Dakika chache kabla, kiti kile kilikuwa kimekaliwa na msichana wa miaka sita au saba. Mama yake alikuwa amemwita aende akanywe soda.

Kwa hiyo kwetu pana sheria na hatutazilegeza. Kamba ya watazamaji inakaa mita 30 kutoka ndege ya karibu. Kuwasha kwa mkono ni kazi ya aliyefundishwa, na ndani akae mtu anayejua breki na swichi ziko wapi. Kabari za mbao tunachonga wenyewe, jozi moja kwa kila ndege. Taarifa za safari ziwasilishwe kwa mamlaka ya usafiri wa anga kama kawaida, na chifu na kituo cha polisi wawe wanajua. Mwaka 2016 ndege za miaka ya ishirini na thelathini zilizokuwa zikitoka Crete kwenda Cape Town zilizuiliwa Gambela, Ethiopia, kwa mvutano wa vibali. Kuruka maelfu ya kilomita kwa mabawa ya kitambaa waliweza, ila walikwama kwenye karatasi.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nawaomba wenye ndege: njoo na fundi wako. Asije kama dereva wa gari la mafuta, akabaki kula nyuma ya nyumba. Aje akae mezani, azungumze.

Voi ina kumbukumbu ya huzuni katika historia ya urubani wa nchi hii. Tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza, aliruka kutoka hapa kwa Gipsy Moth, ndege ikaanguka na kuwaka moto muda mfupi tu baada ya kuondoka. Habari zake zimeandikwa sana. Ndani ya ndege ile alikuwamo pia mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Alikufa papo hapo pamoja naye. Kamau nani, mwana wa nani, wa kijiji gani? Nimeuliza wazee wa hapa tangu nikiwa kijana, sijapata wa kunijibu. Klabu ya marubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1927, na Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la ndege mwaka 1929, na uwanja wa Wilson unabeba jina lake. Ni haki yake. Lakini hangani kwetu kulikuwa na watu wasio na jina kwenye kitabu chochote, na kazi yao ndiyo iliyoshikilia mabawa.

Kulikuwa na mama mmoja. Ndege ikija kuvalishwa kitambaa kipya, tunamwita. Alikuwa akishona mfuko wa bawa zima kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, mshono uliokunjwa mara mbili, ukinyooka kama uzi wa mwashi. Tukishauvika kwenye mbavu za mbao, bawa linasimamishwa kwa ukingo wake, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili. Sindano ndefu kama mkono wa mtoto ilikuwa ikipita kutoka kwake kuja kwangu, naitoa, nairudisha upande wa pili wa ubavu, naye anakaza fundo. Uzi unapakwa nta. Fundo hadi fundo ni inchi mbili na nusu, na yanakaribiana zaidi pale panapopigwa na upepo wa propela. Hakuwa na rula. Alikuwa akipima kwa vidole viwili. Halafu tunapaka dawa ile yenye harufu ya rangi ya kucha, na ikikauka inavuta kitambaa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Ukigonga kwa kidole, bawa linaitika. Yeye alikuwa akiinamisha kichwa na kusikiliza, kisha anasema, "Hapa bado," na kila mara alikuwa sahihi.

Kwenye kitabu cha ndege walitia saini wakaguzi. Jina lake halimo. Leo vijana wenye leseni wanajua kubadilisha vifaa vya umeme nisivyovijua mimi, ila nikiwauliza fundo lile linafungwaje wananitazama tu. Nawafahamu wanne tu waliobaki wanaoweza kulifunga, na mdogo wao ni mimi.

Basi mkusanyiko wetu wa Februari, Jumamosi ya pili ya mwezi, utakuwa na bawa moja lisilo na kitambaa. Yule ndugu aliyeijenga upya ndege yake kwa miaka tisa amekubali kulileta kwenye gari. Tutaliweka chini ya mgunga, tutalivika na kulishona mbele ya watu, na kijana yeyote wa chuo cha ufundi atakayekuja atashika sindano. Walimu wa shule iliyo jirani wameshasema watawaleta wanafunzi wa gredi ya saba. Hakuna kiingilio. Kila rubani atalipia mafuta yake na kuchangia mbuzi.

Wenye ndege watujulishe kabla ya Novemba kwisha, kupitia gazeti hili ukiridhia, Mhariri, ili tujue tuagize mapipa mawili au matatu. Mafundi wazee wa kitambaa na mbao, popote mlipo, iwe Nanyuki, Nakuru, Malindi au ng'ambo, tumeni neno. Nauli ya atakayeshindwa tutaitafuta.

Nilikwenda kumwona yule mama mwezi uliopita, huko Mwatate kwa binti yake. Ameshapita miaka themanini. Macho yake yamefifia lakini vidole bado vinafanya kazi. Nilipomweleza habari ya bawa aliingia chumbani, akatoka na kipande cha kanga kilicholowa mafuta ya cherehani. Ndani yake ilikuwamo ile sindano, haina kutu hata kidogo. Akaniuliza ni ndege ya aina gani, na mbavu zake ni ngapi.

Fundi mstaafu wa ndege,
Voi, Taita Taveta