Barua ya wazi kwa vijana wanaochora miji ya watu wengine

Wanangu mnaosanifu majengo na kupanga miji mkiwa ugenini,

Nawasalimu nyote. Tangu nistaafu, simu zenu zimekuwa zikinifikia kutoka miji ya mbali, na swali lenu, hata mkilizungusha vipi, ni lilelile: mtu aliyefika juzi kwa kibali cha kazi atathubutuje kuamua barabara ya watu ipite wapi na nyumba zao zielekee upande gani? Baadhi yenu mnauliza kwa woga. Wengine, nisiwafiche, mnauliza kwa kujivuna kidogo, mkiamini kwamba kwa kuwa ninyi wenyewe mmeonja ugeni na dharau zake, hamwezi kumtendea mtu mwingine visivyo. Imani hiyo ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi, na ndiyo iliyonifanya niwajibu hadharani kwa kuwasimulia maisha ya mtu aliyekuwa mgeni karibu kila alikofanya kazi. Mkono wake umo Kampala, Moshi, Kisumu, Mombasa na Nairobi, ingawa wengi wanaopita mbele ya majengo yake hawalijui jina lake. Namzungumzia Ernst May, msanifu majengo na mpangaji miji, Mjerumani.

May alizaliwa Frankfurt am Main mwaka 1886. Katika ujana wake alikwenda Uingereza, na kuanzia 1910 hadi 1912 alifanya kazi chini ya Raymond Unwin, mmoja wa mabingwa wa miji ya bustani, yaani miji ya nyumba zilizozungukwa na nafasi za kijani, ambako alijifunza kwamba nyumba ya mfanyakazi nayo inastahili jua, hewa na kipande cha ua. Mwaka 1925 mji aliozaliwa ulimkabidhi idara yake ya ujenzi, na katika miaka mitano yeye na wenzake walisimamisha makazi zaidi ya 10,000 katika vitongoji kama Römerstadt na Praunheim, kwa ajili ya watu ambao kabla ya hapo walibanana katika vyumba vyenye giza.

Hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu ndani ya nyumba hizo mlikuwa na chumba kimoja chenye somo kubwa kuliko mtaa mzima. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye jina lake mara nyingi humezwa na la mkuu wake, alibuni jiko lisilofika mita 2 kwa upana na lenye urefu wa karibu mita 3.5. Alihesabu hatua za mpishi kutoka sehemu ya kuoshea vyombo hadi kwenye moto, na muda wa kila kazi ukapimwa kwa saa. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani usimzuie mtu kupita. Unga, mchele na sukari vilikaa katika droo za alumini zilizochongwa mdomo, ili mpishi achomoe droo na kumimina bila kutafuta kijiko. Walioishi humo walikuwa na malalamiko yao, kubwa likiwa kwamba jiko lilimtosha mtu mmoja tu, na anayekaa na mwenzake kumenya viazi akawa hana pa kuweka kigoda. Hata hivyo lawama hiyo inahusu kipimo, na kipimo hurekebishika. La maana ni kwamba mchoro ule ulianzia kwenye mwili wa mtu mwenye kazi mkononi.

Mwaka 1930 May alikwenda Umoja wa Kisovyeti na kikosi cha wataalamu wenzake kupanga miji mipya ya viwanda. Magnitogorsk, mji mashuhuri kati ya hiyo, alikuta kiwanda cha chuma kimekwisha kupewa mahali pake na maelfu ya watu wanalala katika mahema na mabanda, kwa hiyo mpango wake ulilazimika kujikunja kufuata maamuzi yaliyopitishwa kabla hajafika. Mtakutana na jambo hilo mara nyingi kuliko mnavyodhani. Alipoondoka mwaka 1933, Hitler alikuwa amekwisha kushika madaraka huko kwao, na kwa mtu aliyehesabiwa kuwa wa asili ya Kiyahudi, aliyetoka kuwafanyia kazi Wasovyeti, mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa.

Mwaka 1934 akaingia Tanganyika na kununua shamba karibu na Arusha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua mwenyewe, na bingwa aliyekuwa akiwajengea maelfu akawa mkulima anayeiangalia mvua kama jirani zake. Miaka mitatu baadaye aliliacha shamba na kufungua ofisi ya usanifu Nairobi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Waingereza hawakujali kwamba alikuwa amewakimbia Wanazi: kwao alikuwa Mjerumani, basi, akawekwa kizuizini Afrika Kusini kwa takriban miaka miwili. Mtu mmoja, ndani ya miaka 10, alikataliwa na serikali moja kwa sababu ya damu yake na kufungiwa na nyingine kwa sababu ya nchi yake.

Sasa twendeni Kampala. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa mji kuelekea vilima vya Kololo na Naguru, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1947. Kwa jicho la fundi, ni kazi ya kupendeza: hakuulazimisha mji ukae katika mistari iliyonyooka, bali aliacha barabara zifuate mwinuko wa vilima, akaziweka nyumba juu penye upepo na kuyaacha mabonde yawe ya kijani. Lakini Wazungu, Waasia na Waafrika walipangiwa kila mmoja upande wake, na mabonde yale mazuri yakafanya kazi ya pili ya kuwatenga. Mwafrika alichorewa makazi kama mwanafunzi anayesubiriwa akue, apande ngazi moja moja kuelekea maisha ambayo Mzungu amekwisha kuyachagua kwa niaba yake. May alibuni hata nyumba ya bamba za zege zilizotengenezwa kiwandani, yenye umbo la tao, akiamini kwamba umbo hilo linaukaribia msonge wa Kiafrika. Haikuenea.

Sisi tuliozaliwa katika miji yenye Uzunguni na Uhindini hatuhitaji kuelezwa mpango wa namna hiyo unaacha nini. Majina hayo yapo Dodoma, yapo Mbeya, na watoto wanayatamka kila siku bila kujua kwamba wanatamka kanuni ya mipango miji. May hakuibuni kanuni hiyo, aliikuta, akaipamba. Swali langu kwa miaka mingi limekuwa hili: mtu aliyepangwa na wengine kwa asili yake, akaumia, aliwezaje kukaa mezani na kuwapanga wengine kwa asili zao? Sidhani alikuwa na roho mbaya. Nadhani alidhani, kama baadhi yenu, kwamba mateso yake yalikuwa yamekwisha kumfundisha, kwa hiyo hakuona haja ya kupima. Yule mama wa Frankfurt alihesabiwa hatua zake jikoni, lakini mama wa Naguru alikadiriwa kutoka mbali.

Msidhani nasema haya nikiwa juu ya mti. Nilipokuwa mrasimu kijana, mchoraji wa ramani ofisini, nilipelekwa katika mji ambao sikuujua, mbali na mkoa wetu, tukachora mpango wa kuboresha mtaa mmoja wa zamani. Siku hizo tulichora kwa wino juu ya karatasi inayopitisha nuru, na kosa lilifutwa kwa kuparuza na wembe, polepole, karatasi isitoboke. Nilichora barabara na mtaro wake wa maji ya mvua, mstari safi ambao nilijivunia. Mtaro ulipoanza kuchimbwa nilikwenda kuutazama, nikamkuta bibi mmoja amesimama ukingoni na ndoo kichwani, kisima kikiwa ng'ambo. Nilimkunjulia ramani ili nimweleze. Aliitazama, akaigeuza, akaniuliza, "Baba, nyumba yangu ni ipi hapa?" Nikaitafuta. Haikuwamo. Ramani yetu ya msingi ilitokana na picha za angani zilizopigwa miaka kadhaa kabla hajajenga, na hakuna hata mmoja wetu pale ofisini aliyekuwa ameupita mtaa ule kwa miguu kuhakiki. Kivuko kilipatikana baadaye, cha mbao, tena baada ya mvua za kwanza.

Kuna upande mwingine wa May ambao mkiuacha mtamdhulumu, nami nautaja kwa furaha kwa sababu jengo lenyewe nimelitembelea. Mwishoni mwa miaka ya 1940 KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kichaga ulioanzishwa mwaka 1933, ulimtaka awachoree jengo lao mjini Moshi. Safari hii wenye fedha, wenye haja na watakaoingia mlangoni walikuwa watu walewale, na walikuwa Waafrika waliojua wanataka nini: kumbi, maduka, mahali pa kusoma, vyumba vya kulala wageni, yote katikati ya mji. Hapakuwa na nafasi ya kumsubiri mtu akue, kwa kuwa mtu huyo ndiye aliyekuwa akiulizia hesabu ya saruji. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora katika ardhi yetu, hata kuliko hoteli ya Oceanic aliyoichora Mombasa, yenye mgongo uliopinda kuufuata upepo wa bahari. Msanifu hakubadilika kati ya Kampala na Moshi. Aliyebadilika ni aliyekaa ng'ambo ya meza.

Kwa hiyo, wanangu, mkipewa kazi katika mji wa watu, kabla hamjafungua kompyuta ulizeni mteja ni nani na atakayeishi humo ni nani. Wakiwa ni mtu mmoja, fanyeni kazi kwa amani. Wasipokuwa mmoja, sehemu ya kazi yenu, hata kama mkataba hauitaji, ni kumtafutia huyo wa pili kiti. Mikutano ya wananchi inayoitishwa mchoro ukiwa umekwisha kupakwa rangi haihesabiki. Huko ni kuwataka watu wapige makofi. Nendeni mapema, mkiwa na karatasi tupu, na msiende na wakubwa, kwa sababu mbele ya wakubwa watu husema yanayotakiwa. Na lugha ya wenyeji jifunzeni, angalau ya kutosha kuelewa mnapolalamikiwa.

Jambo hili pia si la wageni peke yao. Mwaka 2011, karibu nusu karne baada ya uhuru wa Uganda, wakazi wa mitaa ya nyumba za kupangisha ya Naguru na Nakawa waliondolewa na nyumba zao kubomolewa kwa ajili ya mpango mpya wa kisasa, na mara hii waliotia saini hawakuwa wakoloni. Mkirudi nyumbani, msidhani pasipoti inatosha kuwa kipimo.

May mwenyewe alirudi Ujerumani mapema mwaka 1954, wakati hali ya hatari ya enzi ya Mau Mau ikiendelea Kenya, akapanga makazi mapya katika miji iliyobomolewa na vita, na akafariki Hamburg mwaka 1970.

Ule mchoro wangu wa mtaro bado ninao, umekunjwa kabatini. Ukiuinua dirishani unaona mahali nilipoparuza kwa wembe nikaingiza nyumba ya yule bibi na njia yake ya kisimani, mistari minene kuliko mingine kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka. Atakayekuja likizo apite nyumbani nimwonyeshe, naye aje na mchoro anaoufanyia kazi sasa, tuuangalie pamoja.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu, mpangaji miji mstaafu